Kifungo cha Njano kwenye Video ya Saba

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi ambayo jina lake silitaji, kwa sababu kila aliyelitaja bila kulitanguliza na neno "tukufu" aliitwa kueleza alikuwa na maana gani. Nchi yenyewe ilikuwa njema. Haikuwa na njaa, ilikuwa na changamoto za mlo. Haikuwa na wafungwa, ilikuwa na wageni wa serikali. Na malalamiko hayakuwepo hata moja, kwa kuwa ofisi ya kuyapokea ilifungwa, na jengo lake akapewa Tausi wa Taifa awe anafanyia mazoezi ya kucheza.

Huyu Tausi alikuwa mwanamuziki. Alipoimba mabinti walizirai, na waliokawia kuzirai walisaidiwa. Mwaka huo alitoa mkusanyo wa video tisa alioupa jina la Machozi ya Dhahabu, na serikali ikautangaza kuwa rasilimali ya taifa, sawa na mto na madini. Bunge likakaa, likapiga meza, likapitisha sheria: kila raia mwenye macho atoe maoni yake juu ya mkusanyo huo kabla ya msimu wa mvua.

Kazi hiyo ikakabidhiwa Wizara ya Maoni na Furaha. Kila mtaa ukajengewa kibanda chenye madirisha mawili. La kushoto lilikuwa la mashabiki. Shabiki alianza kwa kigelegele au mluzi, kisha akaeleza jinsi alivyofurahi. La kulia lilikuwa la wahakiki. Mhakiki alitakiwa kuvaa miwani, na asiye nayo aliazimwa pale pale, kisha akataja kasoro moja kati ya zile zilizobandikwa ukutani baada ya kuidhinishwa: kwamba video ni fupi mno, au kwamba Tausi ni mmoja tu ilhali wananchi ni wengi. Ukimaliza, unachovya kidole kwenye wino. Wino huo ulikuwa umebaki tangu enzi za uchaguzi, na wizara haikupenda uharibike bure.

Katika nchi hiyo alikuwepo mama mmoja mjane, Bi Mwajabu, muuza uji wa ulezi katika stendi ya mabasi. Maoni yake juu ya Tausi yalikuwa mafupi: kwamba makelele yake yalimfanya asiwasikie wateja. Lakini alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, hakuyasema popote. Mtoto wake alikuwa mmoja, Kibwana, mchomeleaji wa mageti, kijana mrefu, mpole, mwenye tabia moja mbaya. Akiambiwa jambo, aliuliza limeandikwa wapi.

Tabia hiyo ndiyo iliyomponza.

Ilikuwa hivi. Wakubwa wa ardhi walitaka kuubomoa mtaa wa Mabondeni, alikokaa Bi Mwajabu, na walikuwa na tingatinga lakini hawakuwa na sherehe. Tausi naye alikuwa na kamera lakini hakuwa na magofu ya kuimbia. Wenye busara wakaona ni israfu kufanya mara mbili jambo linaloweza kufanywa mara moja. Basi tingatinga na kamera zikaja asubuhi moja, na Tausi katikati, amevaa koti la manyoya juani.

Sasa watu wa nchi ile walifundishwa tangu chekechea kwamba ukiona kamera unatabasamu na kupunga mkono, maana hujui ni nani anatazama upande wa pili. Watu wa Mabondeni wakapunga. Walidhani nyumba zitakazoangushwa ni za maboksi, zitaletwa baadaye kwa lori. Wakapunga mpaka ukuta wa kwanza ukaanguka, na wengine wakaendelea kupunga hata baada ya hapo, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

Kibwana peke yake hakupunga. Alisimama mlangoni akauliza amri ya mahakama iko wapi. Watu wawili wasiojulikana, ambao kila mtu mtaani aliwajua kwa majina, wakamshika mikono wakamtia katika gari jeusi. Bi Mwajabu alikuwa stendi. Aliporudi na sufuria yake kichwani alikuta vumbi halijatulia na majirani wamekaa juu ya magodoro yao, wakamsimulia yote. Mmoja alimuuliza kama amesikia video itatoka lini.

Alifukua fukua, akapata sufuria nyingine, picha ya marehemu mumewe, na gauni lake la kutokea, lile lenye vifungo vya njano kifuani. Kimoja hakikuwepo. Alikikata mwenyewe siku chache kabla, kwa kuwa shati la bluu la Kibwana lilipungukiwa kifungo na vyeupe vilikuwa vimekwisha nyumbani. Kibwana alilalama kwamba atachekwa kazini. "Acha wacheke," mama yake alimwambia, "kifua kisipigwe na upepo." Na Kibwana alikuwa amelivaa shati hilo asubuhi ya kubomolewa.

Bi Mwajabu akaenda kituo cha polisi. Sajini Ndimbo, mtu mnene mwenye adabu nyingi, alimkaribisha benchi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu amekamatwa Mabondeni."

"Mabondeni?" Sajini alitazama ramani ukutani, ambayo ilikuwa imebadilishwa juzi yake. "Mama yangu, mtaa huo haupo."

"Haupo kwa sababu mmeubomoa."

"Sasa mtu atakamatwaje mahali ambapo hapapo? Tusaidiane mama. Lete ushahidi kwamba kijana alikuwepo, alikamatwa, na waliomkamata walikuwepo. Serikali haikatai ushahidi."

Alikwenda vituo vyote, na hospitali, na mahali pale pa baridi ambapo mama hapaswi kwenda kumtafuta mwanawe. Kila alikokwenda aliambiwa Kibwana hayupo, kwa sauti ya upole. Upole huo ulimchoma kuliko matusi, maana tusi mtu hulirudisha.

*

Mkusanyo ulipotoka, skrini kubwa ilisimikwa stendi na mabasi yakakatazwa kuondoka mpaka abiria watazame video zote. Bi Mwajabu alikuwa akikoroga uji, mgongo ameupa skrini. Video ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, watu wakapiga miluzi. Ya saba ilipoanza alisikia ngurumo ya tingatinga, akageuka.

Alikuwa ni Tausi, akiimba juu ya kifusi cha jikoni kwake. Na nyuma ya Tausi, upande wa kulia, Kibwana alikuwa akitolewa mlangoni, mmoja mkono huu, mwingine mkono ule. Walipomfikisha garini aligeuza uso akaitazama kamera, na kifungo cha njano kiking'aa kifuani. Kisha mlango ukafungwa na Tausi akapanda sauti.

Mwiko ulimdondoka Bi Mwajabu. Uji ulimmwagikia miguuni na hakuusikia.

"Umemwona huyo!" alipiga kelele Semeni, msichana wa kuuza vocha, Mwenyekiti wa Mashabiki wa Tausi, Tawi la Stendi. "Huyo wa kifungo cha njano! Kaua! Yaani kamfunika hata Tausi mwenyewe. Yale macho, mama, umeyaona yale macho? Mtu anaigiza mpaka unamwonea huruma kweli."

"Haigizi," alisema Bi Mwajabu.

"Ndiyo maana yake! Haigizi, anaishi!"

Ndani ya wiki nchi nzima ilikuwa inazungumza habari za kijana wa kifungo cha njano. Vijana wakang'oa kifungo kimoja katika mashati yao wakashona cha njano. Mafundi cherehani wakapandisha bei. Wabunge wakaja bungeni navyo, na mmoja aliyesahau chake aliomba radhi kwa taifa. Wahakiki nao hawakulala. Profesa Kilemba wa Chuo Kikuu, ambaye alikuwa amehakiki kila kitu katika nchi hiyo isipokuwa hali yake, aliandika makala ndefu gazetini kuthibitisha kwamba kifungo kile ni jua la matumaini likichomoza katika bluu ya bahari ya maendeleo. Mhakiki mwenzake akampinga vikali: si jua, ni nembo ya chama. Wakajibizana kurasa na kurasa, wakatengana, wakapatanishwa na wizara. Na Bi Mwajabu, ambaye hakuwa na pa kulala isipokuwa chini ya meza yake ya uji, aliwapita vijana wenye vifungo vya njano asubuhi na jioni, na kila alipokiona kimoja moyo ulimruka ukidhani ni Kibwana.

Alirudi kwa Sajini Ndimbo karibu anakimbia.

"Ushahidi umepatikana," alisema. "Upo video ya saba. Nchi nzima imeuona."

Sajini alikuwa amevaa kifungo cha njano katikati ya vile vya shaba. "Yule?" Alicheka kwa heshima. "Mama yangu, yule ni mwigizaji."

"Mwanangu ni mchomeleaji."

"Basi ana kipaji. Nikupongeze." Kisha akainama, akasema kwa sauti ya chini, nadhani kwa huruma ya kweli: "Hapa ni polisi mama, hatushughuliki na sanaa. Kama una neno juu ya video, mahali pake ni kwenye maoni."

*

Kibandani palikuwa na foleni mpaka barabarani. Karani, Bwana Mazoea, hakuinua kichwa.

"Shabiki au mhakiki?"

"Nimekuja kumuulizia mwanangu. Yumo kwenye video ya saba."

"Shabiki au mhakiki, mama. Wapo wenzako nyuma."

"Sikuja kushabikia wala kuhakiki. Nataka kujua walimpeleka wapi."

Bwana Mazoea akainua kichwa. Alitazama dirisha la kushoto, akatazama la kulia, kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza amegundua kwamba kibanda kina kuta. "Tuna madirisha mawili," alisema. "Ukitaka jambo lako lifike juu ni lazima lipite kwenye moja. Lisipopita, halijasemwa."

Bi Mwajabu alifikiri. Mhakiki alitakiwa kuchagua kasoro ukutani, naye alipitisha macho ukutani, na kasoro yake haikuwemo. "Basi niandike shabiki," alisema.

"Kigelegele."

Hapo ndugu zangu nawaomba mnyamaze kidogo. Mama huyu alifungua kinywa apige kigelegele, kwa ajili ya mwanawe, mbele ya foleni ile, na kikatoka kilio. Kilianza chembamba, kikapanda, kikakatika, kikaanza tena. Wenye mabegi wakayaweka chini. Dereva mmoja akavua kofia. Bwana Mazoea akaiacha kalamu, mdomo wazi, maana katika miaka yake yote ya utumishi hakuwahi kumpokea shabiki aliyeguswa kiasi hicho.

Kesho yake gari la wizara likaja stendi. Bi Mwajabu alikuwa ameteuliwa kuwakilisha mashabiki wote wa nchi katika Kongamano Kuu la Maoni, mbele ya Mheshimiwa Waziri na mbele ya Tausi mwenyewe, moja kwa moja kwenye luninga.

Semeni alimrukia shingoni. "Mama, unakwenda kumwona Tausi! Mungu hamtupi mja wake!"

"Naenda kumuuliza," alisema Bi Mwajabu. "Yeye alikuwepo. Alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake."

"Muulize basi kama atakuja stendi," alisema Semeni, ambaye hakuwa msichana mbaya.

*

Ukumbi ulikuwa na zulia jekundu, maua ya plastiki, na maji ya chupa ambayo picha ya Tausi ilikuwa kwenye lebo. Bi Mwajabu alivaa gauni lake la kutokea. Waliomwona walimsifu kwa kujaza vifungo vya njano kifua kizima, ila wakasikitika kwamba kimoja kimemdondoka njiani.

Kongamano alilifungua Mheshimiwa Waziri wa Maoni na Furaha, Daktari Mhandisi Balozi Mstaafu Pondamali. "Ndugu wananchi," alisema, "zipo nchi duniani ambazo mwananchi hapewi nafasi ya kusema. Sisi hapa, mwananchi asiposema tunamfuata nyumbani." Ukumbi ukapiga makofi. "Serikali hii ni sikivu. Tena usikivu wake umepitiliza. Wakati mwingine tunasikia hata yale ambayo watu wameyawaza tu." Hapo makofi yalichelewa kidogo, kisha yakawa makubwa kuliko ya kwanza.

Akafuata Profesa Kilemba kwa niaba ya wahakiki. Alizungumza habari za jua, bluu, na upeo, akanywa maji, akazungumza tena habari za upeo. Kasoro aliyoichagua ilikuwa kwamba mkusanyo una video tisa, ilhali taifa lilistahili kumi.

Ndipo akaitwa Bi Mwajabu. Kipaza sauti kilikuwa juu, akashushiwa. Mwanga ulimwumiza macho. Tausi alikuwa ameketi mstari wa mbele, koti la manyoya begani, akitabasamu, na Bi Mwajabu akamtazama yeye peke yake.

"Baba," alisema, "mimi ndiye mwenye nyumba uliyosimama juu yake. Yule kijana hakuigiza. Anaitwa Kibwana, ni mwanangu wa kumzaa. Kifungo kile si jua wala si nembo. Nilikishona mimi, nilikitoa hapa." Akagusa ile nafasi tupu. "Vyeupe vilikuwa vimeniishia."

Profesa Kilemba alinyoosha mkono. "Kwa heshima zote, mama. Taaluma inatufundisha kwamba mshonaji hana mamlaka juu ya maana ya kifungo."

"Sawa, baba. Maana chukueni. Mimi nirudishieni mwenye shati." Akamrudishia macho Tausi na watu wake. "Ninyi mlikuwepo. Walimtia kwenye gari mkiwa mnatazama. Mmemtazama nchi nzima, kila siku mnamtazama, na kila siku anaingizwa kwenye gari lile lile. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza gari lile lilikwenda wapi?"

Mkurugenzi wa luninga alishika swichi asijue aikate au aiache, na wenye vifungo vya njano wakajitazama vifuani. Naamini kabisa kwamba kwa kitambo kile watu walielewa. Kama mmoja angesimama akauliza kama yeye, mambo yangekuwa mengine.

Akasimama Tausi. Machozi yalikuwa yakimtiririka, na yalikuwa machozi halisi, siwezi kumnyima haki yake. Akapanda jukwaani, akamkumbatia Bi Mwajabu katika manyoya yake, akalia begani kwake. Ukumbi ukalipuka. Watu walisimama juu ya viti, wakapiga makofi, wakalia, wakakumbatiana. Bi Mwajabu aliyaondoa manyoya mdomoni akamnong'oneza: "Walimpeleka wapi?" Tausi akamjibu, naye akinong'ona: "Mama, mimi huwa nafumba macho ninapoimba."

Waziri alifuta kioo cha miwani yake. "Tumesikia," alisema. "Mama yetu ameumizwa na video ya saba. Na sisi tumeumia. Natamka hapa, mbele ya taifa: maoni yake yatafanyiwa kazi mara moja. Kijana yule atarudi nyumbani kwa mama yake, na nchi nzima itashuhudia."

*

Msimcheke kwa kuamini. Nani angekuwa mahali pake asiamini? Mwenye kiu hatazami rangi ya maji. Waziri alisema mbele ya luninga, kwa kinywa chake, kijana atarudi. Bi Mwajabu alipanga chumba cha mabati nyuma ya stendi, akakifagia mpaka udongo ukawa mgumu kama saruji. Alinunua vifungo vyeupe, pakiti nzima, wasije wakaishiwa tena. Semeni alimsaidia kutandika kitanda, na akakoma kusema kijana "ameigiza," akawa anasema "kaka Kibwana." Wateja wa uji walimwita Mama Kibwana na kumwachia chenji. Siku hizo alicheka. Aliwaambia watu kwamba mwanawe akirudi atamgombeza kwanza, ndipo amlishe.

Kisha magari ya wizara yakapita na vipaza sauti. Kila mwenye simu aipeleke kibandani ikaboreshwe. Mkusanyo wa zamani, ambao kila mtu alikuwa nao kwenye simu, ulikuwa na dosari ya kiufundi na ulikuwa unakusanywa. Badala yake linatolewa toleo jipya, lililorekebishwa kwa mujibu wa maoni ya wananchi. Watu wakapanga foleni na simu zao. Waliokawia walisaidiwa.

Siku ya uzinduzi stendi ilijaa mpaka juu ya mabasi. Bi Mwajabu aliwekwa kiti cha mbele. Alikuwa akitazama barabara, si skrini. Alidhani Kibwana ataletwa kwa gari.

Video ya saba ikaanza. Tausi alikuwa juu ya kifusi, kama kwanza. Lakini mlango ule ulikuwa na maua. Akatoka kijana mwingine, mwenye mashavu, shati la zipu, akisindikizwa na mabwana wawili wenye tabasamu waliomshika mikono kama bwana harusi. Gari lilikuwa jeupe. Likazunguka kona likasimama, na mwanamke mrembo mwenye nywele za bandia akaja mbio mikono wazi: "Mwanangu!" Kijana akashuka akamkumbatia. Wakaipungia kamera. Tausi akapanda sauti.

Stendi ilitetemeka kwa vigelegele. Watu walimgeukia Bi Mwajabu, wakampa mikono, wakambeba kwa kiti. "Wamekusikiliza mama! Kijana karudi! Umeona? Hii ndiyo serikali sikivu!" Dereva aliyevua kofia siku ile alilia kwa furaha.

"Yuko wapi wangu?" aliuliza Bi Mwajabu akiwa juu ya kiti. "Rudisheni ile ya kwanza. Semeni, simu yako, nionyeshe ile ya kwanza."

Semeni alikuwa ameishika simu yake iliyoboreshwa. Alitafuta, akatafuta tena, uso ukambadilika. Kisha akatazama watu waliomzunguka, akaiweka simu mfukoni. "Mama," alisema polepole, "ya kwanza ipi?"

Kabla mvua hazijaanza vifungo vya njano vilikuwa vimetapakaa mitaroni, na nchi ilikuwa imehamia kwenye zipu. Profesa Kilemba aliandika kwamba toleo jipya lina ukweli zaidi kuliko lile la awali, ambalo, aliongeza, ni vigumu kuthibitisha kama liliwahi kuwepo. Kifungo hakukitaja tena.

*

Bi Mwajabu alivaa gauni lake la kutokea akaenda kituoni. Sajini Ndimbo alikuwa na zipu.

"Shikamoo mama. Nikusaidie nini?"

"Nimekuja kwa ajili ya Kibwana."

"Yule kijana wa video? Mbona alisharudi kwao." Alisema kwa upole ule ule. "Nchi nzima imemwona. Mama yake kamkumbatia, wamelia wote wawili. Jalada tumelifunga. Wewe ni nani wake?"

Bi Mwajabu alimtazama mpaka yule mtu mnene akaanza kupanga kalamu zake mezani. Kisha akaketi kwenye benchi, mkoba mapajani, kama mtu aliyefika kwake.

Anakaa pale mpaka leo. Asubuhi anauza uji. Ukiisha anakuja anakaa. Walijaribu kumtoa, akarudi. Walimtishia kumshtaki kwa kosa la kujifanya mama wa mtu, akasema apelekwe mahakamani, huenda huko kuna mtu atakayeuliza. Hawakumpeleka. Askari wageni wakimwona na gauni lile hucheka, na siku moja Sajini alimwambia:

"Mama yangu, hiyo fasheni imepita. Na kwanza kimoja kimekudondoka."

"Hakikudondoka," alisema Bi Mwajabu. "Amekivaa."

Hadithi yangu ndiyo hiyo. Ukiipenda, pita dirisha la kushoto upige kigelegele. Usipoipenda, pita la kulia, miwani ipo. Na kama umekuja kuuliza Kibwana yuko wapi, samahani sana ndugu yangu, dirisha hilo hatuna.